Léontine Anasindikiza

Kwanza nijitambulishe, maana mwanamume akianza kusimulia habari za mama wa watu, wasomaji huuliza ana maslahi gani. Naitwa Ssali, Mganda, fundi wa mabomba na umeme katika kambi moja ya mahema na karavani iliyo kando ya ziwa, kusini mwa Stockholm, si mbali na mtaa wa Farsta. Waganda tunataniwa kwamba Kiswahili kilitupita kando. Mimi kilinikuta Nairobi, nilikokimbilia nikiwa kijana, na hakijaniachia mpaka leo. Maslahi yangu ni chai ya Léontine, ambayo huipati kwingine katika jiji hili lote.

Léontine ndiye anayekaa mapokezi. Ametoka Bukavu. Kabla ya kambi alisafisha ofisi kule Kista, upande wa kaskazini wa jiji, kwa miaka mingi, akiingia kabla wenye ofisi hawajaamka na kutoka kabla hawajafika. Anasema miaka ile yote hakumwambia mtu karibu wala kwaheri, kwa sababu hapakuwa na mtu. Mwanamke aliyelelewa katika nyumba iliyojaa wageni kila Jumapili, ukimnyima watu wa kuwakaribisha umemnyima pumzi. Ndiyo maana siku mzee mwenye kambi alipomwajiri, alikuja kazini na kitenge kipya kana kwamba anakwenda harusini, na mimi nikamcheka, naye akanipa chai ya kunifunga mdomo.

Mapokezi yenyewe usiyafikirie makubwa. Ni kibanda cha mbao kilichopakwa rangi nyekundu, chenye dirisha moja, viti viwili, meza na birika la umeme. Mgeni akifika, Léontine anamkaribisha, anamkalisha, anampa chai na andazi, kisha ndipo anamuuliza jina. Wazungu wengine walikuwa wanashtuka, wanadhani andazi litaongezwa kwenye bili. Wakizoea, wanaleta na jirani zao.

Lakini kilichomfanya Léontine ajulikane ni kwaheri yake. Kwetu sisi, uwe Mkongo, Mganda au Mrundi, mgeni akiaga unainuka naye. Unatoka naye mlangoni, unapita naye njiani, unamfikisha pahali fulani ambapo roho yako inakwambia sasa inatosha. Na kila aliyelelewa hivyo anajua jambo jingine. Mgeni anaweza kukaa kwako mchana kutwa, akala, akacheka, akauliza habari za watoto. Lile hasa lililomleta atalisema mkiwa mmeshatoka nje, mkitembea bega kwa bega, hamtazamani usoni. Mimi binafsi ndivyo nilivyoposa, na ndivyo nilivyokataliwa mara ya kwanza.

Basi Léontine aliihamishia desturi hiyo kambini, nzimanzima, bila kuipunguza hata kidogo. Karavani ikifungwa nyuma ya gari tayari kuondoka, yeye huyo, anatoka kibandani na kutembea ubavuni mwa dereva, mkono juu ya mlango, mpaka getini. Gari linakwenda mwendo wa kinyonga, dirisha likiwa wazi, na mazungumzo yanaendelea. Emmanuella, binti yake, aliyezaliwa huku na kukulia mtaa wa Hjulsta, alikuwa akija kumtembelea mama yake anafunika uso kwa mikono. "Mamma, sluta," alikuwa akimwambia, yaani Mama, acha. Mama hakuacha. Mimi pia nilimuuliza siku moja kama hadhani anawachosha watu.

"Papa Ssali," alinijibu, "mugeni haendake peke yake kama muntu mwenye wamefukuza. Ata kama ni Mujerumani."

Makosa yalikuwepo, sitaki kumpamba. Kuna bibi mmoja wa Kiswidi, Berit, mwalimu mstaafu, ambaye karavani yake imekaa kambini miaka mingi hata imeota bustani. Asubuhi moja Berit alipita mbele ya kibanda amebeba mkoba. Léontine akadhani anaondoka, akainuka. Berit alikuwa anakwenda Farsta kununua maziwa. Wakatembea wote wawili, mmoja akishangaa kwa nini anasindikizwa, mwingine akishangaa mgeni huyu anaondoka bila kuaga. Mswidi hajui kumwambia mtu rudi, na Mkongo harudi kabla ya kuambiwa inatosha. Wakafika mpaka dukani. Jioni Berit aliwapigia watoto wake simu kwa hasira, maana alikuwa ameshaamua moyoni kwamba wao ndio waliomwomba Léontine amfuatilie, eti anaanza kusahau njia. Watoto hawakujua lolote. Ilinibidi niende mimi na bisibisi yangu, nijifanye nakagua soketi ya karavani, nimweleze polepole maana ya kusindikiza. Alinisikiliza, kisha akasema kwamba hajatembea na mtu mpaka dukani tangu mume wake afariki. Tangu siku hiyo akienda kununua maziwa anagonga dirisha la kibanda.

Sasa, wageni wanabadilika. Nilipoanza kazi tulikuwa na Waswidi wa karavani na Wajerumani wa magari makubwa yenye jiko na kitanda ndani, na wote walitaka kitu kimoja, kimya. Siku hizi wanakuja vijana wanaolala ndani ya magari na kufanya kazi kwenye kompyuta, wanauliza intaneti kabla ya kuuliza choo. Wanakuja wapanda baiskeli kutoka Uholanzi. Zinakuja familia za wahamiaji wa mitaa ya Tensta na Hjulsta, na watu wetu wa kanisani, wenye sufuria za kupikia kijiji na nyama ya mbuzi iliyokwisha kulowekwa. Kila kundi linaliona lingine geni, na kila mmoja ukimuuliza mapokezini kama yuko sawa anakujibu yuko sawa.

Njiani kwenda getini ndipo hawakuwa sawa. Kijana mmoja alimwambia Léontine, gari likiwa linatambaa, kwamba taa ya bafuni inazimika mtu angali na sabuni machoni. Nikatumwa kuirekebisha mchana huohuo. Mwingine aliungama kwamba alikuwa anafanya mikutano yake ya kazi chooni, kwa kuwa huko ndiko kwenye soketi. Nikajenga paa dogo na meza ndefu yenye umeme karibu na ziwa. Isra, mama wa watoto watano kutoka Hjulsta, alikuwa amekaa ufukweni siku zote za mapumziko yake na nguo zake zote, akiwashikia watoto taulo. Alipofika getini tu ndipo aliposema, huku akitazama mbele, kwamba tangu utoto wake anapenda kuogelea kuliko kitu chochote. Léontine alirudi kutoka getini macho yanawaka. Wiki iliyofuata nilikuwa napigilia kuta za mbao kuzunguka gati la kuogelea lililo mbele ya sauna, yaani chumba cha mvuke, na Jumamosi asubuhi likawa la wanawake peke yao. Isra alirudi na dada zake. Berit naye haikosi Jumamosi hata moja, na vicheko vinavyotoka nyuma ya zile mbao vinanifanya nijute kwamba nilizipigilia vizuri kiasi kile.

Hivyo ndivyo kambi ilivyoendeshwa, kwa maneno ya njiani. Mzee mwenye kambi alikuwa akituangalia kutoka kiti chake cha jua na kusema kwamba hajui Léontine anafanya nini, ila aendelee.

Kisha mzee akaanza kupotewa na kumbukumbu, akahamishiwa nyumba ya wazee, na kambi ikawa mikononi mwa mwanawe. Rasmus si mtu mbaya, niliseme hilo mapema. Ni mhandisi wa kompyuta, anafanya kazi Kista, kijana mpole anayesalimia kwa kuinamisha kichwa. Ila tangu mtoto alikuwa anawaogopa wageni wa baba yake. Kwa hiyo alifanya kile anachokijua. Aliweka mfumo wa simu ambao mgeni anachagua nafasi yake akiwa kwao. Akaweka kizuizi cha getini kinachofunguka kwa namba, mtu aingie na kutoka saa yoyote bila kumwona mtu. Akaweka maswali ya mwisho ambayo mgeni anayajibu kwa nyota. Nyota zilikuja nyingi, na chini yake neno moja tu, bra, yaani nzuri. Nzuri nini, hakuna aliyejua.

Halafu mgeni mmoja akaandika mtandaoni kwamba mwanamke asiyemjua alitembea kando ya gari lake mpaka getini, na hakuelewa alitaka nini. Rasmus alimpigia Léontine simu. Alimwomba kwa adabu sana asiwasindikize wateja tena.

Léontine alitii. Niseme ukweli, nilikasirika kuliko yeye. Kiangazi chote kile alikaa dirishani akiwatazama watu wakifunga mizigo, wanabonyeza namba, kizuizi kinainuka, wamekwenda. Mikono yake haikujua pa kukaa. Chai yake ilipungua sukari, na hilo kwa Léontine ni msiba. Tukaanza kupata nyota chache. Tulikuja kugundua baadaye kwamba fyuzi ya jiko la pamoja ilikuwa inaruka kila jioni na wageni walikuwa wanakula mkate mkavu gizani bila kusema, wakaenda kusema kwao.

Rasmus alikuja mwishoni mwa Agosti. Alikuja kwa treni, maana hana gari, akatembea kutoka kituo cha Farsta strand. Mimi nilikuwa juu ya paa la kibanda nikitoa majani kwenye mfereji wa maji ya mvua, dirisha lilikuwa wazi, na yeye na Léontine wote walijua niko pale. Alikaribishwa, akapewa chai na andazi. Alizungumza juu ya hali ya hewa kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba ameshaamua. Msimu ujao mapokezi yatafungwa. Léontine atabaki, akipenda, kusafisha mabafu na vyoo, asubuhi na mapema, kabla wageni hawajaamka.

Kabla wageni hawajaamka. Nilisimama na konzi ya majani mkononi. Kijana hakujua alilolisema, hakuijua Kista ya Léontine, aliijua yake tu. Lakini mimi nilijua, na iliniuma hadi mbavuni.

Léontine hakubisha. Alimwambia ameelewa. Rasmus akanywa chai iliyobaki, akashukuru, akainuka kwenda zake, na Léontine akachukua kitenge chake kwenye msumari, akajitupia mabegani, akatoka naye. Rasmus alisimama. Alimkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba walikubaliana juu ya kusindikiza.

"Ulinikataza wateja," Léontine alimwambia. "Wewe si mteja."

Wakaondoka. Niliwaona wakipita kwenye kizuizi, wakishika njia ya miti inayofuata maji. Yaliyosemwa huko nimesimuliwa na kila mmoja kwa upande wake, na pande zote mbili zinaoana, jambo ambalo si la kawaida.

Rasmus alikuwa anangoja kulaumiwa. Léontine alimwonyesha kiota cha bata. Wakapita uwanja wa watoto wa kuchezea, wakapita mahali watu wanapofunga mashua zao. Karibu na kituo, kijana akiwa anatazama mbele kama watazamavyo wote, lilimtoka. Alisema anakwenda kumwona baba yake kila Jumapili. Baba hamtambui tena, anamwita bwana. Lakini kila Jumapili anamuuliza swali moja. Anamuuliza, nani yuko mapokezi? Rasmus anajibu, Léontine. Hapo mzee anatulia, anakula, wanakaa vizuri. Wasipomjibu haraka anahangaika, anataka kuvaa viatu, anasema wageni wamesimama nje.

"Msimu ujao," Rasmus alisema, "sijui nitamjibu nini."

Léontine anasema alihisi machozi, ila aliyameza, kwa kuwa msindikizaji akilia njia inakuwa ndefu kwa mgeni. Wakatembea hatua chache.

"Endelea kumwambia ni Léontine," alimjibu. "Kazi yako ni kuhakikisha si uongo."

Hapo walikuwa wameshafika kituoni. Léontine alimshika mkono, akampa salamu za kumfikishia mzee, akageuka kurudi. Alikuwa hajafika mbali aliposikia viatu nyuma yake. Rasmus alimuuliza kama kwao inaruhusiwa aliyesindikizwa naye akamsindikiza mwenyeji. Léontine akamwambia si kwamba inaruhusiwa tu, kule Bukavu anawajua wapenzi waliofanya hivyo mpaka wakaoana, kwa kuwa walikosa wa kukubali kurudi.

Mimi nilikuwa nimeshashuka, nimeshakunywa chai yote, nimeanza kupanga maneno makali ya kumwandikia Rasmus kwa Kiswidi changu kibovu. Nikawaona wanarudi wawili, wakicheka, Léontine akimhadithia habari za Berit na maziwa, akimhadithia bafu, sabuni na Isra, na kila jambo lililowahi kusemwa njiani. Rasmus alikuwa anauliza maswali mfululizo. Walisimama kwenye kizuizi wakaongea mpaka miguu ikachoka, kisha Rasmus akaketi kwenye jiwe. Hakutangaza chochote. Alisema tu kwamba mfumo wake hauna pahali pa kuandika mambo ya namna hiyo, na kwamba angependa kibanda kibaki kama kilivyo. Kisha akaaga, na Léontine akataka kumsindikiza tena, nikamzuia mimi, vinginevyo wangelala njiani.

Makubaliano yao yalikuwa ya akili, nami niliyafurahia. Namba za getini zilibaki, maana wapo wanaotaka kuja na kwenda bila kuonwa, na hiyo nayo ni haki yao. Ila sasa Léontine anauliza kwanza. Mgeni akifunga mizigo, anatoka kibandani, anamuuliza kama anapenda kusindikizwa. Karibu wote wanasema ndiyo, hata wasiojua wanakubali nini. Wajerumani wanashuka kabisa, mume anatembea naye, na mke anawafuata na gari.

Majira ya kuchipua, siku ya pili ya msimu mpya, Rasmus alikuja na baba yake kwa teksi. Emmanuella alikuwepo, Berit alikuwepo amevaa kofia, mimi nilikuwa napaka rangi mlango wa kibanda. Mzee alikuwa amekonda, amefunikwa blanketi, ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu. Alitazama ziwa kama mtu aliyewahi kuliona kwenye picha. Kisha akamgeukia mwanawe na kuuliza lile swali lake.

"Nani yuko mapokezi?"

"Léontine," Rasmus akasema.

Mzee alikinyooshea kibanda shingo. Dirisha lilikuwa wazi, birika lilikuwa linatoa mvuke, kiti kilikuwa kitupu. Nikamwona Rasmus anabadilika rangi. Alikuwa amemleta baba yake kutoka mbali ili aone kwa macho yake, na kiti kitupu. Mzee akakitazama kile kiti kwa muda mrefu.

"Ah," mzee akasema, "anasindikiza mtu."

Tukageuka. Ilikuwa kweli. Léontine alikuwa kule getini, kitenge mabegani, mkono juu ya mlango wa gari la mgeni wa kwanza wa msimu, aliyelala usiku mmoja tu na tayari ana mambo ya kusema. Emmanuella alifunika uso wake kwa mikono, safari hii akicheka.

Gari jingine lilikuwa linaingia na hapakuwa na wa kulipokea. Rasmus, aliyewakimbia wageni maisha yake yote, aliingia kibandani, akaketi kwenye kile kiti, akamimina chai, ikamwagika kidogo. Mzee alimtazama kupitia dirishani kwa makini, kama mwajiri anavyomtazama mtu mpya.

"Na wewe ni nani?" alimuuliza.

"Ninamshikia Léontine nafasi," Rasmus akajibu.

Mzee alifikiri. Akaliweka blanketi lake sawa, akajiegemeza.

"Vizuri," alisema. "Usisahau andazi."